Nusu ya Mzee wa Stoo

Shangazi yangu alikuwa haruhusiwi kuugua. Mafua alikuwa nayo kama binadamu wengine, na mgongo ulimlalamikia kila msimu wa mitihani, ila ruhusa ya kulala akajifunika hakuwa nayo. Mwaka jana homa ilimkamata mpaka meno yakawa yanagongana kama vijiko kwenye droo. Saa moja asubuhi akajitanda shuka, akaenda kazini, akakaa mbele ya mashine dakika mbili, akarudi kitandani.

"Umeenda kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kuandika herufi."

"Ngapi?"

"Nyingi kuliko zilizo zangu," akasema, akageukia ukutani.

Nikadhani ni homa inayosema.

Alikuwa karani wa mitihani katika chuo cha ufundi. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja la nondo, meza mbili, feni iliyozunguka ikijisikia, na kabati kuukuu la chuma lenye makufuli mawili. Zamani mitihani ililala ndani ya kabati hilo. Ufunguo mmoja alishika karani, wa pili alishika mzee wa stoo, na hakuna aliyeweza kufungua bila mwenzake. Mkuu wa chuo alilipenda kabati lile kama watu wanavyopenda kitinda mimba. Basi mitihani ilipohamia kwenye kompyuta, akamwita fundi akamwambia, "Nataka makufuli mawili."

Fundi akamweleza kwamba kompyuta si kabati. Mkuu akamweleza kwamba yeye ni mkuu. Mjadala ukaisha.

Fundi akawasha mashine huku akibofya kitufe kimoja mfululizo, kama anayegonga mlango wa choo akiwa amebanwa. Kikatokea kioo cha bluu kisichotambua kipanya, cha kutembelea kwa mishale tu. Huko ndiko chini kabisa kwa kompyuta, mahali inapopita kabla haijajua ni saa ngapi wala nani kaikalia. Nenosiri likiwekwa pale, asiyelijua haiamshi. Aipige, aibembeleze, aiombee dua, itamtazama tu. Akikosea mara tatu inaganda, mpaka aizime aanze upya. Na hii ilikuwa ya ile aina ngumu: hata uchomoe betri yake ndogo ya ndani, haisahau. Diski nayo akaifunga vilevile, wajanja wasije wakaihamishia kwenye mashine nyingine. Mwisho akafunga na mipangilio yenyewe kwa nenosiri lake mwenyewe, ili asije mtu akachezea. Hilo la tatu hakumwambia yeyote, na hakuna aliyemuuliza.

Paswedi ya kuwashia ikakatwa vipande viwili. Mzee wa stoo aandike nusu yake, kisha shangazi aandike yake papo hapo, ndipo kibonyezwe kitufe cha kuingilia. Mmoja akiandika, mwingine atazame ukuta. Mkuu akaandika kanuni kwa mkono wake, vifungu vitano, akazibandika juu ya meza. Cha tatu kilikataza kuandika paswedi popote. Cha nne kilisema hivi: *Mtumishi atakayejua nusu zote mbili hatahama, hatakwenda likizo wala hataacha kazi mpaka nenosiri libadilishwe.*

Sasa, mzee wa stoo. Miaka thelathini ya kubeba mabomba na magunia ya saruji ilimpa vidole vinene kama ndizi, na kila herufi alikuwa anaitafuta kama mtu aliyedondosha sindano. Siku ile ya kuweka paswedi alitakiwa kuandika nusu yake mara mbili bila kukosea, akakosea mara nne. Fundi anatazama saa, Mkuu katoka nje kupokea simu.

"Binti," mzee akanong'ona, "vidole vyako vinakimbia. Niandikie."

Akampa kikaratasi. Shangazi akakisoma huku anaandika, trrrr, mara mbili, kama wapiga chapa wote wanavyofanya: macho yanaona, vidole vinapeleka, kichwani hakibaki kitu. Akamrudishia. Mzee akasoma kifungu cha tatu ukutani, akakitafuna kile kikaratasi, akakimeza, akashushia na maji. Mtu mtiifu.

Kesho yake asubuhi shangazi alisimama akitazama ukuta, akisubiri mlio wa vitufe. Kimya. Akasubiri. Kimya.

"Binti."

"Naam, mzee wangu."

"Kile kikaratasi."

"Ulikimeza."

"Najua nilikimeza, niliyekimeza ni mimi. Kilikuwa kimeandikwa nini?"

Na yeye hakujua. Aliniapia kwamba hakujua. Ila akakaa, akafumba macho, akaweka mikono kwenye kibodi kama jana, na vidole vikaenda vyenyewe. Mashine ikaamka.

Wangesema siku hiyohiyo, lingekuwa la kuchekwa likaisha. Lakini wiki hiyohiyo Mkuu alikuwa amemfukuza mlinzi kwa kupoteza ufunguo wa geti, na mzee alikuwa na wajukuu wanne nyumbani na miaka michache tu kabla ya kustaafu. "Tutamwambia kesho," wakaambiana. Kesho, unamjua. Hajawahi kufika mahali kwa wakati.

Ikawa hivyo miaka mitatu. Kila asubuhi mzee anatoka stoo, anakuja kusimama mbele ya kibodi, anainua mikono yake juu ya vitufe kama anayeota moto, mtu akipita mlangoni aone anafanya kazi. Shangazi anaandika zote mbili. Watu wa chuo wakawaita Bwana na Bibi Mashine kwa sababu hakuna aliyeonekana pale bila mwenzake. Likizo shangazi hakuomba, maana akiondoka atakaa mwingine kwenye kiti chake, na mzee ataumbuka. Mkuu akaona karani asiyetaka likizo, akampa cheti cha mfanyakazi bora. Kikatundikwa pembeni ya vifungu.

Wakati huo mumewe alikuwa ameshahamishiwa kazi mji mwingine, safari ya siku nzima, na binti yao alimfuata baba yake kwa kuwa kule kulikuwa na bibi wa kumlea. Mtoto alikwenda ana miaka mitatu, sasa ana sita. Shangazi alikuwa akienda kila sikukuu, Jumamosi kufika, Jumapili kugeuka, Jumatatu saa moja yuko mbele ya mashine. Siku moja alipiga simu, mtoto akapokea, na shangazi akamsikia akiita ndani ya nyumba, "Bibi! Yule mama wa kwenye simu!"

Alikata simu akaniambia mtandao mbaya. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Mtandao ulikuwa mzuri.

Barua ya uhamisho aliyoiomba miaka yote hiyo ilikuja mwezi wa mwisho wa muhula. Chuo cha kule alipo mumewe kilikuwa na nafasi moja ya karani. Aripoti tarehe mosi. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine aliyekuwa anaisubiri. Shangazi alisoma barua, akaimba, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi, halafu akakaa chini kama aliyekatwa kamba. Ndipo akanieleza yote.

"Sasa nifanyeje?" akaniuliza. "Nikinyamaza nikaondoka, mashine haifunguki. Nikisema, kifungu cha nne kinanibana. Na mzee amebakiza miezi kumi na moja tu."

"Mkuu si abadilishe paswedi tu?"

"Hawezi. Mipangilio ameifunga yule fundi. Wamempigia mwezi uliopita kwa jambo jingine, anasema amefunga mashine mia mbili tangu ile, hakumbuki hata ilikuwa ya rangi gani."

"Basi mfundishe mzee nusu yake."

Akanitazama kama mtu anayeambiwa ajaribu kumfundisha mbuzi kupiga mswaki. Lakini njia nyingine ilikuwa wapi?

Jumapili ile mzee akaja nyumbani, kofia mikononi, viatu vimepigwa rangi. Niliweka mezani kibodi mbovu, waya wake unaning'inia bila kuchomekwa popote. Shangazi akafumba macho akaandika polepole, mimi nikawa natazama kitufe kinachobonyezwa na kuandika kwenye karatasi. Tukawa wawili tunaoijua, na mwenyewe hayumo.

Ikatoka: *Koleo14Nyundo9.* K kubwa, N kubwa.

Mzee akavaa miwani. Akaisoma. Akaisoma tena. Akakunja uso.

"Hii ndiyo yangu?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Koleo si kumi na nne. Ni kumi na mbili."

"Mwaka ule zilikuwa kumi na nne."

"Mbili ziliibwa. Niliandika ripoti."

"Mzee," nikaingilia, "mashine haijui habari ya wizi."

"Wewe kijana nyamaza. Huwezi kuandika kumi na nne wakati zipo kumi na mbili. Hiyo inaitwa kughushi."

Jumapili tatu tulikaa naye. Alikariri vizuri, akawa anaimba kabisa, "koleo kumi na nne, nyundo tisa," akiwa anakunywa chai. Lakini kila akiweka vidole kwenye kibodi uso unabadilika, unakuwa uso wa mtu wa stoo, na mkono unaandika zilizopo. Ukimkemea anaomba radhi, anaanza upya, anaandika 14 kwa uchungu kana kwamba anasaini hati ya kukiri kosa. Jumapili ya mwisho alipatia mara sita mfululizo. Shangazi akakata tiketi ya basi la saa nane mchana, siku ileile ya makabidhiano.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mkuu akaja na fomu. Karani mpya akaja, dada mmoja mwenye kucha ndefu na daftari jipya, aliyekuwa amekwishafundishwa nusu ya shangazi. Mzee akaja anatoka jasho. Shangazi na sanduku lake, limesimama nyuma ya mlango.

"Bwana Mashine, anza," akasema Mkuu, naye kwa kuheshimu kanuni zake akageuka ukutani pamoja na wengine. Watu wazima watatu wakasimama wanatazama rangi iliyobanduka.

Vitufe vikalia. Kimoja kimoja, kama matone ya bomba bovu. Mzee akasogea. Karani mpya akageuka akaandika nusu yake, akabonyeza. Si sahihi. Wakarudia. Si sahihi. Mara ya tatu, ikaganda. Wakaizima, wakaiwasha, wakageuka tena ukutani. Mara tatu nyingine. Ikaganda.

Ubaya wa mashine ile ni kwamba huonyesha vinyota tu. Haisemi nani kakosea. Inakataa wote kwa pamoja, kama mwalimu anayechapa darasa zima.

"Mimi nimeandika kama nilivyofundishwa," karani mpya akasema haraka.

"Mzee?"

"Nimeandika, mkuu."

Mkuu akamgeukia shangazi taratibu. "Au umemfundisha mwenzako uongo?"

"Nimfundishe uongo ili iweje, mkuu? Nibaki?"

"Sijui. Ninachojua, mitihani ya Jumatatu imo humo ndani. Haifunguki, hatoki mtu." Akafunga mlango, akaweka kiti, akakaa.

Saa nne ikapita. Saa tano. Saa saba. Wakajaribu tena, ikaganda tena. Feni ikazunguka. Nje kulikuwa na foleni ya wanafunzi wanaosubiri vitambulisho, na kila Mkuu alipopaza sauti foleni ilinyamaza ili isikie vizuri. Karani mpya alianza kulia kimyakimya, siku yake ya kwanza kazini hata kiti hajakikalia. Shangazi alikuwa anatazama ukuta, ingawa hakuna aliyekuwa anaandika. Aliniambia baadaye kwamba pale aliuona wazi: anayeweza kuufungua mlango ule ni yeye peke yake, na akiufungua atakuwa amejifungia.

Mzee akasafisha koo. "Mkuu, mimi nina neno..."

Miezi kumi na moja. Shangazi akamkatiza, "Kaa, mzee wangu." Akavuta kiti, akafumba macho, akaandika nusu zote mbili bila kuinua mkono. Mashine ikaamka, ikatoa ule mlio wake mdogo wa furaha usiojua kusoma mazingira.

Mkuu akaitazama mashine, akamtazama mzee.

"Unajua zote mbili," akasema Mkuu.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilimwandikia mimi. Kosa ni langu."

"Na leo alikuwa anaandika nini?"

"Zilizopo, mkuu," mzee akajibu, kichwa chini. "Mkono ulikataa. Koleo zipo kumi na mbili."

Mkuu hakuelewa, na hakuomba aeleweshwe. Alinyoosha kidole ukutani. "Kifungu cha nne."

"Mkuu, nina basi la saa nane."

"Kisome."

"Mtoto wangu ana miaka sita. Nafasi yenyewe ni moja."

"Nakuhurumia, dada yangu. Kabisa nakuhurumia. Lakini anayejua zote mbili haondoki mpaka nenosiri libadilishwe, na halibadilishiki. Mimi nifanyeje? Kanuni ni kanuni." Akaikunja ile fomu ya makabidhiano katikati, vizuri kabisa, kama mtu anayekunja leso.

Shangazi si mtu wa kelele. Kelele katika ukoo wetu tumewaachia wengine. Alisimama, akafungua mlango, akasimama kizingitini akiitazama ile foleni ya vitambulisho, vijana arobaini na ushee na mfagiaji na ndoo yake. Akasema kwa sauti ya kusomea imla:

"Koleo, K kubwa, kumi na nne. Nyundo, N kubwa, tisa. Nahama, N kubwa. Mwakani, M kubwa. Moja. Vyote vinashikana, hakuna nafasi. Mmeandika?"

"Rudia hapo kwenye nyundo!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

Akarudia.

Kisha akamgeukia Mkuu. "Haya. Sasa wote hawa wanajua zote mbili. Na huyu dada anajua, na mfagiaji anajua, na wewe mwenyewe sasa unajua. Kwa kanuni, hatuondoki sote. Waambie wanafunzi walete magodoro."

Foleni ililipuka kwa kicheko. Mkuu alisimama akakaa, akasimama. Alitazama kifungu, akatazama foleni, midomo ikimcheza kama anayehesabu vichwa. Na kitu kingine kikawa kinamwingia polepole, ukakiona kinashuka usoni.

"Nahama mwakani," akasema. "Hiyo ndiyo nusu yako?"

"Ndiyo, mkuu."

"Umekuwa ukiiandika humu kila siku, miaka mitatu?"

"Kila siku, mkuu. Ulikuwa unatazama ukuta."

Alikunjua fomu. Alisaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. "Toka," akasema. "Toka kabla sijapata wazo jingine. Barua ya onyo itakufuata." Kisha akamgeukia mzee, na shangazi akasimama palepale mlangoni, sanduku mkononi, maana hiyo ndiyo sehemu aliyokuwa anaiogopa. "Na wewe je? Nilikupa siri uitunze!"

"Niliitunza, mkuu," akasema mzee. "Niliitunza mpaka mimi mwenyewe sikuiona tena."

Karani mpya alicheka, akaziba mdomo kwa kucha zake. Mkuu akamtimulia mzee stoo kwake, asionekane kwenye chumba kile tena. Hakumfukuza, kumfukuza kungetaka ripoti, na ripoti ingetaka aeleze magodoro. Yeye mwenyewe akabaki na mashine siku ile yote na kesho yake, akiandika upya mtihani wa Jumatatu kwa mkono, kwa sababu arobaini na ushee walikuwa na ufunguo.

Basi la saa nane alilikosa. Akapanda la saa kumi.

Barua ya onyo ilifika kule kabla hajamaliza wiki. Mstari wake wa mwisho ulisema mtumishi huyu asikabidhiwe nenosiri la aina yoyote. Kwa hiyo katika ofisi nzima yeye peke yake hawezi kuwasha mashine yake. Anamngoja mkuu wa idara aje amfungulie, na mkuu wa idara si mtu wa kuja kabla ya saa tatu. Nilimuuliza kwenye simu kama hajisikii vibaya, karani mzima anafunguliwa kama kuku wa bandani.

"Najisikia vibaya sana," akasema. "Ila nampeleka mtoto shule."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Ananiamkia tu, shikamoo. Anatembea hatua mbili mbele, kama aliyeambiwa amwonyeshe mgeni njia." Nikasikia lango linafunguliwa na kelele za watoto. "Leo kwenye tope amenipa begi nimshikie. Ngoja, amegeuka. Ngoja nikupigie baadaye."

Hakunipigia.